Mlango ulifunguka, bawaba haikung'oka: uchambuzi wa kisa cha nyonga ya dereva wa bodaboda

Mwanaume wa miaka 31, dereva wa bodaboda, kilo 68, amegonga nyuma ya lori lililosimama bila taa kando ya barabara, saa mbili usiku. Pikipiki ilisimama papo hapo, yeye hakusimama. Aliteleza mbele juu ya kiti, kinena kikapiga tanki la mafuta, mapaja yakatanuka kushoto na kulia, kisha akaruka juu ya usukani. Alifikishwa hospitali ya wilaya dakika 50 baadaye akiwa na fahamu. Presha ilikuwa 88/54 na mapigo 128 kwa dakika. Alilalamika maumivu ya kinena na ya mgongo wa chini upande wa kushoto, mguu wa kushoto ulilala ukiwa umegeukia nje, tumbo lilikuwa laini, na kulikuwa na tone la damu kwenye tundu la mkojo. (Kisa kimeundwa kwa ajili ya kujifunza, kwa kufuata sura ya kawaida ya majeraha haya. Vipimo vyake ni vya kufanyia hesabu.)

Picha ya kwanza ya eksirei, kabla hajafungwa chochote, ilionyesha pengo la milimita 38 kwenye kiungo cha kinena, pale mifupa miwili ya mbele ya nyonga inapokutana. Kwa mtu mzima pengo hilo huwa milimita 4 au 5. Hakuna mstari wa mvunjiko ulioonekana popote, na kwenye fomu mtu aliandika "hakuna mfupa uliovunjika". Ni kweli, na ni sentensi ya hatari. Ukichukua mifupa mitatu ya nyonga ya binadamu, miwili ya pembeni na sakramu nyuma (mfupa wa chini ya kiuno unaoendeleza uti wa mgongo), ukaipanga mezani bila kano, itaanguka. Hakuna jino wala kifundo cha kutosha kuishikilia. Pete ya nyonga ni kano, na mifupa ni fremu tu ya kuzifungia. Aliyewahi kukaza kitanda cha kamba anajua: miti ni ileile, ila kamba zikilegea kitanda kinacheza.

Neno kano hapa lina maana ya ligamenti, ile inayofunga mfupa kwa mfupa, na si ile inayofunga msuli kwenye mfupa.

Kamba gani, na kila moja inazuia nini

Mbele kuna kiungo cha kinena: kisahani cha gegedu ngumu kilichoshikwa na kano juu na chini. Ni kizuizi dhaifu kuliko vya nyuma, lakini kiko mbali kabisa na mhimili wa mzunguko ulio nyuma, kwa hiyo ndicho hufunguka kwanza.

Nyuma kuna viungo viwili vya sakroiliaki, pale sakramu inapokutana na mifupa ya pembeni, na hapo ndipo uzito wote wa kiwiliwili hupita kwenda miguuni. Sakramu ni kabari, ila imekaa kinyume na ambavyo fundi wa matao angeiweka: ni pana zaidi upande wa mbele kuliko nyuma. Uzito ukiisukuma, inataka kuchomoka kuelekea ndani ya tundu la nyonga. Kinachoizuia ni kano za sakroiliaki za katikati na za nyuma, ambazo ni miongoni mwa kano zenye nguvu kubwa kabisa mwilini. Sakramu imening'inia juu yake. Kadiri unavyosimama na kubeba mzigo, kano hizo zinavutika na kuibana mifupa ya pembeni kwenye sakramu, kama kamba za kitanda zinavyovuta miti ukikaa katikati. Kano za sakroiliaki za mbele ni jambo jingine: ni utando mpana lakini mwembamba, kazi yake kubwa ni kuzuia nyonga isigeukie nje.

Chini kuna mbili zaidi. Ya sakrospinasi inakwenda karibu mlalo kutoka sakramu hadi mwiba wa mfupa wa kukalia, nayo inapinga kugeukia nje. Ya sakrotuberasi inashuka wima zaidi hadi kwenye nundu tunayoikalia, nayo inapinga nusu ya nyonga isipande juu au kuzunguka. Juu kuna ya iliolumba, kutoka tawi la pembeni la pingili ya tano ya kiuno hadi ukingo wa fupanyonga. Hii ya mwisho ikumbukwe, tutaihitaji kwenye skani.

Mpangilio huu ndio unaoeleza kwa nini jeraha la aina hii hupasua kano kwa zamu. Tanki la pikipiki linafanya kazi ya kabari: linaingia katikati ya mapaja, linasukuma matawi ya mbele ya nyonga kushoto na kulia, na mapaja yaliyotanuka yanaongeza mkono wa wenzo. Kila nusu ya nyonga inazunguka kama ubao wa mlango, na bawaba ya mlango huo ni kano za nyuma za sakroiliaki. Komeo, yaani kiungo cha kinena, linang'oka kwanza. Mlango ukiendelea kufunguka, zinafuata kano za sakroiliaki za mbele, sakrospinasi na misuli ya sakafu ya nyonga. Bawaba yenyewe ni ya mwisho. Mfumo wa uainishaji wa Young na Burgess unaziita ngazi hizi za kwanza, ya pili na ya tatu za mgandamizo wa mbele-nyuma. Ngazi ya kwanza ni komeo peke yake. Ya pili ni komeo pamoja na kano za mbele, bawaba ikiwa hai. Ya tatu, hakuna tena mlango, kuna ubao uliolegea pande zote.

Kasi nayo ina usemi. Nyuzi za kolajeni za kano zimejikunja kidogo zikiwa zimepumzika. Mvuto wa kwanza unazinyoosha tu, kisha zinakaza, na zikirefuka kwa kiasi kinachozidi asilimia 10 hivi zinaanza kukatika. Mvuto wa polepole mara nyingi hung'oa kano pamoja na kipande cha mfupa, mvuto wa ghafla huipasua kano yenyewe katikati. Ndiyo sababu ajali ya mwendo kasi inaweza kuacha eksirei isiyo na kipande hata kimoja. Wakunga wanaujua upande wa pili wa jambo hili: mwishoni mwa ujauzito kiungo cha kinena hutanuka milimita kadhaa bila kupasuka chochote, kwa sababu homoni imelainisha kano na mvuto umechukua miezi.

Hesabu ya milimita 38

Wengi wamefundishwa kwamba pengo la mbele likizidi sentimita 2.5, kano za mbele za sakroiliaki zimekatika. Mpaka huo ulitokana na majaribio ya kukata kano moja baada ya nyingine kwenye maiti, na unasaidia, lakini usiutumie kama wembe. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba watu wanatofautiana sana, na kwa wanawake kano hizo huweza kukatika pengo likiwa dogo zaidi ya hapo. Pia picha inapigwa baada ya ajali. Kilichobaki cha kano na misuli hurudisha mifupa kama mpira, hivyo pengo la kwenye picha ni dogo kuliko lile la sekunde ya mgongano. Kwa mgonjwa wetu milimita 38 ni kiwango cha chini.

Hesabu ya haraka inafaa kuliko kukariri mpaka. Chukua umbali kutoka kwenye bawaba hadi kiungo cha kinena kuwa sentimita 12. Ikiwa ni upande wa kushoto tu uliofunguka, milimita 38 zinamaanisha mzunguko wa nyuzi 18 hivi. Ukingo wa mbele wa kiungo cha sakroiliaki uko kama sentimita 2.5 mbele ya bawaba, kwa hiyo mzunguko uleule unaufungua takriban milimita 8. Kano nyembamba yenye urefu wa sentimita mbili au tatu haiwezi kurefuka milimita 8 ikabaki nzima. Lakini ikiwa pande zote mbili zimefunguka sawasawa, kila upande umepata nusu, milimita 4, na hapo jibu halina uhakika tena. Mguu wa kushoto uliogeukia nje, na maumivu ya mgongo upande huohuo, vilielekeza kwenye upande mmoja.

Shuka lililofungwa kiunoni

Timu ilifanya mambo mawili mazuri mapema. Hakuna aliyebonyeza mbawa za nyonga (sehemu pana za juu za mifupa ya pembeni) kwa mikono ili "kusikia kama inacheza", maana bonge la kwanza la damu ndilo bora, na ukilivunja la pili litakuwa jepesi. Na alipewa gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, kwa dakika 10, ikifuatiwa na gramu 1 nyingine kwa saa 8, akiwa bado ndani ya saa tatu za ajali.

Kosa lilikuwa kwenye shuka, lile linalofungwa kuibana nyonga iliyofunguka. Lilikunjwa vizuri, likafungwa kwa nguvu, lakini mahali pa mshipi wa suruali. Picha iliyorudiwa ilionyesha pengo la milimita 29. Kosa hili huonekana mara nyingi mno, nalo lina sababu ya kimakanika. Ukifunga juu ya mbawa, sehemu kubwa ya mvuto inaishia kwenye tumbo laini, na kile kinachofika mfupani kinasukuma karibu na mhimili, mkono wa wenzo ukiwa mfupi. Ukifunga kwenye trokanta kubwa, zile nundu za mifupa ya mapaja unazozigusa ubavuni mkono ukiwa umening'inia, mvuto unapita kwenye vichwa vya mapaja, unaingia kwenye vikombe vya nyonga, na unasukuma karibu na usawa wa kiungo cha kinena chenyewe, mbali na bawaba. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba mkanda wa nyonga uliofungwa hapo huhitaji mvuto wa takriban nyutoni 180 kuirudisha mifupa mahali pake. Hiyo ni kama uzito wa kilo 18, pungufu kidogo ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Mtu hahitaji kupigana na shuka, anahitaji kulifunga mahali panapofaa.

Lilifunguliwa likafungwa upya. Utaratibu ulikuwa huu: magoti yaliunganishwa kwanza, kitambaa kikiwa katikati, na miguu ikageuzwa ndani na kufungwa kwa bendeji juu ya vifundo, kwa kuwa mguu unaotazama nje unaendelea kuufungua mlango hata ukibana juu. Shuka likakunjwa hadi upana wa sentimita 20 hivi na kupitishwa chini ya magoti, kisha likavutwa juu hadi usawa wa trokanta bila kumviringisha mgonjwa. Watu wawili walivuta pande tofauti kwa wakati mmoja huku wa tatu akitazama magoti, na walipofika wakabana kwa koleo nne za upasuaji badala ya fundo, kwa sababu fundo hulegea sekunde ile mkono unapoliachia. Mifuko ilikaguliwa kabla: simu na funguo vilivyobaki chini ya shuka huacha kidonda. Picha ya tatu: milimita 11. Presha ikapanda hadi 104/66 baada ya chupa mbili za damu.

Kwa nini ilipanda? Maelezo ya kwamba shuka "linapunguza ujazo wa tundu" yamezoeleka, lakini hayatoshi. Tundu la nyuma ya utumbo halina kifuniko, linaweza kupokea lita kadhaa za damu hata nyonga ikiwa imefungwa. Damu nyingi katika majeraha haya hutoka kwenye vena za mbele ya sakramu na kwenye mfupa wenyewe, ateri zikihusika kwa sehemu ndogo ya wagonjwa. Vena hizo zimelala juu kabisa ya kano za sakroiliaki za mbele, na kano ikipasuka zinapasuka nayo. Mlango ukifungwa na kutulia, kingo hugusana na bonge la damu halichanwi tena kila mgonjwa anaposogezwa. Kama presha isingepanda, hatua ambayo ingefuata ni kutafuta ateri inayovuja au kujaza pamba nyonga kwa upasuaji. Kulikaza shuka zaidi kusingesaidia.

Kuhusu tone la damu: mpira wa mkojo haukuwekwa hadi dawa ya kuonyesha njia ilipoingizwa taratibu kwa bomba la sindano na picha kupigwa. Ilifika kwenye kibofu bila kuvuja, ndipo mpira ukapita mara moja bila kulazimishwa. Iwapo ingevuja, kibofu kingetobolewa juu ya kinena, na tundu hilo lingekaa jirani kabisa na mahali pa kuwekea chuma, jambo ambalo daktari wa mifupa huliogopa kwa sababu ya usaha.

Bawaba iko hai?

Skani ya CT ilipigwa hospitali ya rufaa, shuka likiwa bado limefungwa. Ripoti ilisema "utengano mdogo", milimita 9 mbele na 4 kwenye ukingo wa mbele wa kiungo cha sakroiliaki cha kushoto. Msomaji asiyejua kwamba mgonjwa amefungwa angeweza kumpeleka nyumbani na magongo. Skani ya mtu aliyefungwa vizuri inapima shuka zaidi kuliko inavyopima kano. Picha ya milimita 38 ilikuwa imesafiri naye kwenye bahasha, na hiyo ndiyo iliyookoa uamuzi.

Hata hivyo skani ilikuwa na ya kusema. Ukingo wa nyuma wa kiungo ulikuwa umefungana. Tawi la pembeni la pingili ya tano ya kiuno lilikuwa zima, ishara kwamba kano ya iliolumba haikuvutwa hadi kung'oa mfupa. Hakukuwa na kipande kilichong'oka kwenye mwiba wa mfupa wa kukalia wala pembeni mwa sakramu, na nusu ya kushoto ya nyonga haikuwa imepanda juu. Yote haya yalielekea ngazi ya pili. Lakini kano iliyopasuka katikati haiachi kipande, kwa hiyo ukimya wa mfupa haukutosha kuwa ushahidi.

Siku ya tatu, mgonjwa akiwa ametulia na yuko chini ya nusukaputi, shuka lilifunguliwa mezani na nyonga ikajaribiwa chini ya eksirei ya thieta. Ilipogeuzwa nje, mbele ilifunguka hadi milimita 41, ukingo wa mbele wa sakroiliaki ya kushoto ukafika 9, wa nyuma haukusogea. Hesabu ya mezani na picha vilikubaliana. Kisha mguu wa kushoto ukavutwa na kusukumwa kwa urefu, huku wa kulia ukifanywa kinyume. Hakukuwa na mpando wa maana. Mlango unafunguka, ubao haupandi. Bawaba hai.

Uamuzi wa chuma unatokana na hapo. Mkato wa mlalo juu ya kinena, kibofu kikilindwa kwa kitambaa na sahani, koleo kufunga mbele, kisha pleti ya milimita 3.5 yenye matundu sita juu ya kiungo, skrubu zikielekea chini ndani ya mfupa mnene. Baada ya skrubu ya mwisho wengi huanza kushona. Hapa timu ilirudi kutazama nyuma: ukingo wa mbele wa sakroiliaki ulikuwa umejifunga wenyewe, kutoka milimita 9 hadi 2. Kipimo hiki kina uzito kuliko vingine vyote vilivyotangulia. Mlango wenye bawaba ukifungwa kwenye komeo, upande wa bawaba nao hujipanga. Lakini bawaba ikiwa imekatika, kubana mbele kunaweza kuusogeza ubao nyuma au juu, na pengo la nyuma likabaki au hata likapanuka. Lingebaki wazi, skrubu ya sakroiliaki ingeingia palepale, bila kusubiri skani nyingine. Wapo wanaoiweka kwa kila mgonjwa wa ngazi ya pili kwa hofu kwamba pleti peke yake itachoka. Kwa mgonjwa huyu, nyuma ilipojifunga yenyewe, kupitisha chuma jirani na neva za sakramu kungekuwa kulipa gharama bila kununua kitu.

Pasipo na eksirei ya thieta, fremu ya nje yenye pini za milimita 5 zilizopandwa juu ya vikombe vya nyonga inaweza kutibu ngazi ya pili hadi mwisho, kwa wiki 8 hadi 12, kwa sababu ileile: inafunga komeo na kuitegemea bawaba. Kwa ngazi ya tatu haitoshi, hata ikikazwa vipi. Na kwa nyonga iliyogongwa ubavuni mambo yanageuka kabisa: mlango umefungika kupita kiasi, kano za chini zimelegea, na kukaza shuka kwa nguvu kunaendeleza kazi ya ajali.

Wiki sita za kwanza aliruhusiwa kugusisha tu kidole cha mguu wa kushoto chini, akitumia magongo. Upande wa kulia ulibeba uzito wote. Alipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na aliulizwa waziwazi kuhusu nguvu za kiume, swali ambalo wagonjwa wengi hawataliuliza wao. Kwenye wiki ya 12 alitembea bila gongo.

Mwezi wa sita picha ilionyesha skrubu mbili zikiwa na ukungu mweusi kuzizunguka, na pengo la mbele la milimita 7. Ilizua hofu kidogo. Kiungo cha kinena ni kiungo: hucheza milimita moja au mbili katika kila hatua, na chuma kilichopigiliwa juu ya kitu kinachocheza maelfu ya mara kwa siku lazima kilegee au kivunjike. Kinachoulizwa ni kama kano zimeshapona kabla chuma hakijachoka. Alisimamishwa kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, picha ikipigwa kila mara. Tofauti ya kimo kati ya pande mbili za kinena ilikuwa milimita 1. Hana maumivu. Pleti iliachwa ilipo.